Mwongozo wa Mtafiti Anayekuja Misima na Chupa Inayong'aa

Hongera kwa kupata fedha. Wafadhili wa siku hizi wanapenda sana maji, wanapenda sana kitu kinachowaka, na wewe umewaletea vyote viwili ndani ya chupa moja. Kwenye andiko lako umeiita polima inayoyeyuka majini, inayong'aa na kuitikia vichocheo. Huku Misima, kando ya barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni, mtu atakuuliza tu: hiyo ni dawa ya nini?

Uwe na jibu kabla hujaulizwa mara ya pili. Ni mnyororo mrefu wa molekuli, umebandikwa rangi inayowaka ukiumulika kwa taa ya urujuanimno. Ukikutana na kitu fulani, iwe joto, asidi, chumvi, madini au kijidudu, mng'ao wake unapanda, unashuka au unabadilika rangi. Unadondosha matone machache kwenye sampuli, unawasha taa, unasoma jibu. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda maabara. Mwongozo huu unahusu yanayoanzia pale lami inapoishia.

Kabla ya kwenda lamboni kuchota maji, ofisi. Kibali cha utafiti cha COSTECH unacho, sawa, lakini kibali hakisalimii watu. Utashuka nacho ngazi kwa ngazi, mkoani Tanga, wilayani Handeni, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, na kila ngazi ina kitabu cha wageni chenye safu ya madhumuni. Andika "kupima maji". Ukiandika "polima" utakaa kwenye benchi mpaka apatikane mtu wa kuisoma. Wazee waamkie kabla ya kufungua mkoba, na usidhani umefika kwa watu wasiojua utafiti. Korogwe, jirani hapo, ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009. Wapo akina mama upande huu wanaoijua fomu ya ridhaa kuliko wewe, na watakuuliza nakala yao iko wapi.

Tuanze na joto, kwa sababu lenyewe litaanza na wewe.

Polima mashuhuri kuliko zote katika ukoo wako ni poli-N-isopropilakrilamaidi. Wanaoishughulikia kila siku wamechoka kulitaja jina hilo, wanaiita PNIPAM. Heskins na Guillet waliieleza tabia yake mwaka 1968: chini ya nyuzi joto 32 hivi inayeyuka na maji yanabaki maangavu, ikivuka hapo minyororo inajikunja, inayafukuza maji, na chupa inaingia ukungu. Mwaka 2003 Seiichi Uchiyama na wenzake huko Japani walipachika humo rangi ambayo hufifia ikizungukwa na maji. Minyororo ikijikunja, rangi inajikuta mahali pakavu, inawaka kwa nguvu. Wakawa wametengeneza kipimajoto cha molekuli, na mwaka 2012 wajukuu wa polima hiyo walitumika kuchora ramani ya joto ndani ya chembe hai moja. Ni kazi nzuri mno, wala sitanii.

Sasa itazame tena hiyo 32. Maabara uliyotoka ina kiyoyozi, na chati zako zote zimeandikwa nyuzi 25. Misima mwezi wa pili, saa nane mchana, ndoo iliyoachwa juani haihitaji ufadhili wa mtu yeyote ili ivuke 32. Ikiwa polima yako imejengwa juu ya uti wa mgongo wa PNIPAM ili itambue kitu kingine, tuseme zebaki, basi kuanzia saa tano asubuhi hadi jioni unachopima ni jua. Utaandika kwenye daftari kwamba lambo lina zebaki, kumbe lambo lina kiangazi. Na usikimbilie kusema utapima alfajiri kukiwa na ubaridi, maana chumvi nayo huishusha hiyo 32. Maji yakiwa na chumvi ya kutosha, polima hujikunja mapema zaidi.

Chumvi ipo. Handeni inajulikana kwa shida ya maji, na visima vingi vilivyochimbwa vimetoa maji yanayokataa hata sabuni kutoa povu. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 ukajengwa mradi wa HTM, unaosukuma maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe kwa mabomba marefu. Ndiyo maana pia Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika mradi wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India wa dola milioni 500. Bomba likichelewa, mtu anarudi kwenye lambo, na lambo linagawanywa na ng'ombe, mbuzi na wafuaji. Kwa hiyo sampuli zako zitakuwa za namna tatu, maji ya bomba, ya kisima na ya lambo, na hizo ni kemia tatu zisizojuana.

Ukitaka kuona kwa macho chumvi inavyomaliza mng'ao, usipoteze polima yako ya bei kubwa. Nunua Korogwe mjini chupa ya toniki, ile soda chungu. Mwombe wakala wa fedha za simu akuazime taa yake ya kukagulia noti. Ingia chumba cha giza, mulika: soda inawaka buluu. Hiyo ni kwinini. John Herschel aliuona mng'ao huohuo akauandika mwaka 1845, naye hakuwa na taa, alitumia jua la Uingereza, kwa hiyo bila shaka alisubiri sana. Sasa tia kijiko cha chumvi ya mezani, koroga. Buluu inafifia hapohapo. Kloraidi zinagongana na kwinini iliyosisimka na kuipokonya nishati kabla haijaitoa kama mwanga. Wanabaiolojia walilichukua jambo hilo kwa dhati, wakatengeneza ndugu wa kwinini wanaopima kloraidi ndani ya chembe hai. Wewe jifunze upande wake wa pili: kinachopima kloraidi kwa mwenzako ndicho kinachoharibu kipimo chako.

Na usione kwinini ni jambo la mbali. Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mkoa huuhuu, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 na kupanda mikwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipowatenga na meli za kwao, magome ya miti ile ndiyo yaliyowapa askari wao dawa ya malaria. Kwa hiyo mtu akikuambia mkoani Tanga kwamba kemia ya vitu vinavyong'aa imeletwa juzi na mradi, mwambie akapande basi la Muheza akaulize miti.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, na nitakaa nao kidogo. Vihisio vingi vya ukoo wako ni vya kuzimika: vinang'aa vikiwa peke yao, vinafifia vikikutana na mgeni. Kuna sababu nzuri. Mwaka 1995 Qin Zhou na Timothy Swager wa Marekani walionyesha kwamba katika polima ambazo nishati husafiri kwenye mnyororo, mgeni mmoja akikaa sehemu moja anaweza kuuzima mnyororo mrefu, sawa na zile taa za mapambo za harusi ambazo globu moja ikifa mstari wote unalala. Ndipo unyeti wa ajabu unapotoka. Lakini fundi wa taa za harusi anajua: mstari ukilala hujui ni globu ipi, wala kama ni globu au ni Tanesco.

Andiko lako linasema polima yako huzimwa na zebaki. Sina shaka nayo. Huzimwa pia na shaba, na chuma kilichoyeyuka, na oksijeni mara nyingine, na kuachwa juani mpaka rangi ichoke. Udongo wa huku ni mwekundu, na wekundu huo ni chuma. Tope la lambo lenyewe hunyonya mwanga wako kabla haujafika kwenye polima, na hunyonya mng'ao kabla haujafika kwenye jicho lako. Majani yaliyooza humo nayo hung'aa kivyake, buluu hafifu, bila kuombwa. Kati ya wanaozima na wanaowasha, jibu la mwisho ni kura, na zebaki ina kura moja.

Halafu kuna ndoo. Uliyoazimwa na mama mwenye nyumba ilikuwa na nguo jana. Sabuni ya unga ina viangazishi, kemikali zinazokunywa urujuanimno na kutoa buluu ili shati jeupe lionekane jeupe zaidi ya uhalisia wake. Ndiyo maana mashati hung'aa kwenye kumbi za disko. Suuza ndoo mara nyingi utakavyo, mabaki yake yatakuwa ugunduzi wako wa kwanza. Njoo na chupa zako, na usimlaumu mama. Yeye hakuahidi kwenye jarida lolote kwamba ndoo yake haing'ai.

Kama bado una hiari ya kuchagua polima, chagua inayobadilika rangi badala ya inayozimika tu. Ile yenye rangi mbili, moja inayopungua na nyingine inayopanda, inakupa uwiano, na uwiano haujali sana kama taa imechoka au maji yana vumbi. Ni ghali zaidi na inatoa kurasa chache za kujisifu. Ichukue hivyo hivyo.

Sasa taa yenyewe. Mng'ao hauonekani juani, na akili itakushauri usubiri usiku, uende lamboni na taa ya zambarau, glavu na vichupa. Usiende. Handeni ina sifa nchi nzima katika mambo ya uganga, sifa ambayo wenyeji wenyewe wameichoka, na mgeni anayezunguka chanzo cha maji gizani akidondosha kitu asichoweza kukitaja kwa Kiswahili hatangojewa amalize maelezo. Tengeneza boksi la katoni, lipake rangi nyeusi ndani, toboa tundu la jicho, upimie mchana barazani kwa mwenyekiti, watoto wakichungulia kwa zamu. Kama usiku haukwepeki, nenda na mjumbe wa kamati ya maji, na ujue kabisa kwamba kitu cha kwanza kitakachong'aa hakitakuwa polima. Kitakuwa nge.

Nge hung'aa kijani chini ya taa hiyo, mwili mzima, bila betri na bila mfadhili. Utawaona kwenye mawe ya kingo za lambo, ukutani, karibu na ndala zako. Usikanyage wala usiokote. Lakini ukishamaliza kuruka, fikiri kidogo. Mojawapo ya kemikali zilizopatikana kwenye ngozi yake ngumu inaitwa 4-methilumbeliferoni, na hiyohiyo ndiyo inayowaka kwenye kipimo cha kawaida cha bakteria wa kinyesi katika maji. Rangi hiyo hufungwa pamoja na kipande cha sukari na kutiwa kwenye sampuli ikiwa kimya. E. koli akiwamo, kimeng'enya chake kinakata kifungo, rangi inaachiwa, na chupa inawaka buluu chini ya taa ya nanomita 365. Inatakiwa ikae saa 24 kwenye nyuzi 35. Misima itakupa hizo 35 bure mchana na kukunyang'anya usiku, kwa hiyo njoo na kitamizi.

Kipimo hicho si polima, na hakitakupa shahada. Lakini kinawaka badala ya kuzimika, na kinamngoja mtu mmoja anayejulikana kwa kisu chake. Zaidi ya hayo kinauliza swali ambalo lambo lenye ng'ombe linalihitaji. Wewe umekuja kutafuta zebaki kwa sababu umesoma kwamba Handeni kuna dhahabu. Ipo, Magambazi inajulikana, na wachimbaji wadogo nchini hutumia zebaki kukamatisha dhahabu. Lakini zebaki si mpenzi wa kukaa ndani ya maji. Hushuka kwenye tope, huingia kwa samaki, na kabla ya yote hupanda kama mvuke puani mwa kijana anayechoma donge la dhahabu kwenye kikaango. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 6 kwa lita kwa zebaki isiyo ya kikaboni katika maji ya kunywa, na huenda ukapima maji ya machimbo ukayakuta chini ya hapo, kijana akiendelea kuchoma. Watoto wa Misima wanaugua kuhara. Panga vipimo vyako kwa mpangilio huo.

Kuhusu floraidi nitasema kwa kifupi kwa kuwa si ya huku, ni ya Arusha na Kilimanjaro, kwenye meno ya rangi ya kahawia. Kama mfadhili atakutuma huko baadaye, ujue kuwa vihisio vingi vya floraidi vilivyosifiwa vilifanya kazi ndani ya vimiminika vya maabara tu, kwa sababu floraidi ikiwa majini huvikwa molekuli za maji zikaigandamia, isishikike. Yaani viliiona floraidi vizuri sana, mradi pasiwe na maji. Neno "inayoyeyuka majini" kwenye jina la polima yako lina uzito kwa sababu hiyo, na ndilo neno pekee la andiko lako nisilolidhihaki.

Kuna pia jedwali la mwisho, lile la sampuli halisi. Unalijua. Mtafiti anachota maji ya mto, anayakuta safi, anatia zebaki mwenyewe kwa bomba la sindano, anapima, kisha anatangaza kwamba ameipata kwa asilimia 98. Mtu aliyeficha kuku wake mwenyewe hastahili pongezi kwa kumwona. Na maji huwa yamechujwa kwanza, yametiwa kemikali ya kudhibiti asidi, yamezimuliwa. Ukimaliza hayo yote, maji ya Misima yamekuwa maji ya maabara yenye jina la Misima.

Usivunjike moyo, lakini. Polima inayoyeyuka majini, inayong'aa na kuitikia kichocheo imeshafika kwenye hospitali za wilaya nchini, na haikujitambulisha. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Russell Kramer walitengeneza kipande kifupi cha DNA kilichojikunja hadi ncha zake mbili zikakutana, moja ikiwa na rangi, nyingine ikiwa na kizimio. DNA nayo ni polima, tena ya majini tangu kuzaliwa. Kikikutana na mfuatano wa vinasaba unaolingana nacho, kinanyooka, ncha zinaachana, rangi inawaka. Vipande vitano vya namna hiyo vilikuwamo ndani ya katriji ya awali ya GeneXpert, mashine ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali Desemba 2010 kwa kupima kifua kikuu. Mgonjwa anatoa makohozi, na chini ya saa mbili mashine inasema kama vimelea wapo na kama wanaikataa dawa ya rifampisini.

Tazama kilichofanya ifanikiwe. Makohozi si maji masafi, ni machafu kuliko lambo. Ila mashine haiamini kitu cha nje. Inakuja na vimiminika vyake, inaosha yenyewe, inapasha na kupoza yenyewe, na kila kitu kimefungiwa ndani ya katriji. Hata hivyo katriji za awali zilitakiwa zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 28, na mashine ikae chumba kisichozidi 30, ndiyo maana chumba chake mara nyingi ndicho chenye kiyoyozi hospitalini, na mganga mkuu hupita humo kuuliza habari mara nyingi kidogo. Wewe unataka kufanya kinyume: kumwaga polima wazi ndani ya maji ya mahali, halafu umwombe aliyemo humo ajitaje mmoja mmoja. Lambo halifungiki kwenye katriji.

Wapo pia washindani, na wengine hawahitaji umeme. Polima za Swager, zikiwa utando mkavu na siyo za majini, ziliingia kwenye kifaa kilichoitwa Fido, kinachonusa mvuke wa kilipuzi cha TNT. Kazi ileile ya kunusa TNT hufundishwa kwa panya buku mjini Morogoro, kwenye shirika la APOPO lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Wenzake hunusa makohozi ya kifua kikuu. Panya hula ndizi na karanga, hajali kama ni saa nane mchana maana huanza kazi alfajiri, na akikosea hawezi kuandika makala ya kujitetea.

Bado mkutano wa kijiji, ambao utauahirisha kadiri unavyoweza. Watu wa huku wametoa damu, makohozi, mkojo na majibu ya madodoso kwa miaka mingi, na matokeo mengi yaliishia Ulaya. Rudi na yako, hata kama ni mabaya. Uje na boksi lako la katoni, uoneshe maji ya bomba yaking'aa, ya kisima yakififia, ya lambo yakiwa katikati. Watu watapiga makofi, kwa sababu kweli inapendeza. Kisha mama mmoja aliyeketi nyuma na mtoto mgongoni atasimama na kukuuliza, yakizima tunywe au tusinywe? Kama jibu lako linaanza na "inategemea", mshukuru mwenyekiti, ukae. Ajenda inayofuata ni mbuzi waliovunja tena uzio wa lambo, na mwenye mbuzi yuko ukumbini.